Soseji za Kumkaribisha Mama

Katika nyumba ya fundi umeme, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoka kabla swichi zote za ukutani, ila ile ya friza, hazijazimwa. Hiyo ilikuwa sheria, tena haikuwa na mjadala. Fundi alikuwa ameona kwa macho yake nyumba ya watu ikiteketea kwa sababu ya pasi iliyosahaulika, na siku ile aliporudi nyumbani aliwaapia watoto wake kwamba kwake jambo hilo halitatokea. Basi kila walipotoka, mmoja wao alizunguka sebuleni, vyumbani na jikoni, tap, tap, tap, kisha akasema kwa sauti, "Zimezimwa zote!" Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya binti yake wa miaka kumi na miwili. Nyumba nzima ilimwita Kijiko, kwa sababu hakuna sufuria iliyowahi kuwekwa jikoni bila yeye kuonja. Alikuwa amezima swichi hizo tangu alipoweza kuzifikia bila kupanda kiti. Siku hizi mkono wake ulifanya kazi wenyewe huku kichwa kikiwaza mambo mengine kabisa.

Na asubuhi ile, kichwa cha Kijiko kilikuwa na mambo mengi. Mama alikuwa anatoka hospitali.

Alikuwa amelazwa kwa muda mrefu. Ugonjwa wake ulitibiwa kwa dawa kali, na dawa hizo zilimkondesha, zikamng'oa nywele, zikauacha mwili wake bila nguvu ya kujikinga. Daktari alimwambia Baba waziwazi, "Ugonjwa tumeudhibiti. Sasa cha kuogopa ni vijidudu. Chakula kinachomsokota mtu mwingine tumbo kwa siku moja, mama huyu kinaweza kumrudisha hapa, na akirudi sitawaahidi kitu." Baba aliyarudia maneno hayo mezani mpaka watoto wakayajua kwa moyo. Hakuna aliyemcheka.

Ndugu na majirani walikuwa wamealikwa jioni kuja kumkaribisha. Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa mpishi katika kantini ya kiwanda, alichukua kazi ya kupika chakula kikubwa kwake na kukileta. Lakini Kijiko aliomba kitu kimoja akipike mwenyewe. Aliomba soseji za Mama.

Soseji hizo kila mtu mtaani alizijua. Mama alizikata vipande vidogo, akazitumbukiza katika chungu cha umeme pamoja na jamu na sosi ya nyanya, akaziacha zijipike taratibu tangu asubuhi hadi jioni. Chungu chenyewe kilikuwa kizito, cha udongo mgumu unaong'aa, kikikaa ndani ya kasha la chuma lenye taa nyekundu mbele. Watu walizila kwa vijiti vya meno wakiwa wamesimama, kabla hata chakula hakijapakuliwa, na mara nyingi chakula kilipopakuliwa hawakukihitaji tena.

Jana yake Kijiko alimpigia Mama simu hospitali.

"Mama, jamu niweke kiasi gani?"

"Weka mpaka uone haya, halafu ongeza kijiko kimoja." Mama alicheka, kisha akapumzika kidogo ili apate pumzi. "Halafu sosi ya nyanya, siki kidogo, vitunguu saumu na pilipili manga. Ukionja, utamu uje kwanza, chumvi ifuate nyuma."

"Na maji?"

"Maji hayaingii. Na usifunuefunue kifuniko, Kijiko, nakujua wewe! Ukikifunua kila saa, joto linatoroka."

"Sitafunua, Mama."

Mama alishusha sauti. "Mwanangu, huku kila ninachokula kina ladha ya dawa. Hizo soseji nimezitamani mpaka naziota."

Kijiko alikata simu. Aliapa moyoni kwamba Mama akifika nyumbani, ataikuta ndoto yake mezani.

Asubuhi alijifunga kanga kiunoni akaanza kazi. Alimenya vitunguu saumu, akakata soseji, akapima na kuonja mchuzi mpaka utamu ukatangulia na chumvi ikafuata kama alivyoagizwa. Kaka yake, aliyeitwa Chapchap kwa sababu hakuna jambo alilolifanya polepole, alisimama mlangoni akimtazama.

"Yaani kitu cha kuiva dakika kumi, wewe unakipika kutwa nzima?" alisema. "Mimi ningekikaanga, nikala, nikalala, nikaamka, na wewe bado unangoja."

"Ndiyo maana chakula chako hakuna anayekiomba," Kijiko alimjibu. Alifunika chungu, akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

Baada ya saa moja na ushei Baba alitokea akiwa amevaa shati lake jeupe, lile la shughuli. Alitaka waende wote watatu. "Mama yenu akitoka kule, atuone sote," alisema. Kijiko alikimbia kubadili nguo. Alitafuta kiatu cha kushoto, akatafuta kile kitambaa laini cha kichwa alichomnunulia Mama, na Baba alikuwa keshaanza kupiga honi nje. Alizunguka nyumba mbio: sebuleni, vyumbani, jikoni. Mkono ukapita ukutani kama ulivyozoea.

"Zimezimwa zote!" alisema, na mlango ukafungwa.

Hospitalini walikaa sana. Kwanza walimngoja daktari, kisha wakangoja dawa, kisha wakaambiwa kuna sahihi moja inakosekana. Jua lilikuwa limeshapita utosini Mama alipotoka akiwa ameegemea mkono wa Baba, mwembamba, macho makubwa usoni. Kijiko alimfunga kile kitambaa kichwani kwa uangalifu. Mama alimshika shavu. "Umekua," alisema, na wote wakajikaza wasilie mbele za watu.

Walipofika nyumbani, Baba alimpeleka Mama chumbani apumzike kabla wageni hawajaja. Kijiko alikwenda moja kwa moja jikoni, akiwa na tabasamu tayari usoni. Alitarajia harufu. Hakusikia harufu yoyote.

Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Alitazama ukutani. Swichi ilikuwa juu, imezimwa.

Aliweka kiganja kwenye chungu. Kilikuwa vuguvugu, vuguvugu la maji ya kuogea mtoto. Akafunua kifuniko. Soseji zilikuwa zimelala kwenye mchuzi, nusu mbichi nusu zimeiva, na juu yake mafuta yalikuwa yameanza kuganda. Alijua papo hapo ni mkono wa nani ulioizima ile swichi.

"Una nini wewe, mbona umesimama hivyo?" Ilikuwa sauti ya Chapchap. Alikuja akachungulia, akaelewa. "Loo! Ulizima?"

"Nilizima."

"Sasa unangoja nini? Washa! Weka moto mkubwa."

"Zimekaa hivi tangu tulipotoka, kaka. Tangu asubuhi."

"Kwani kuna nini? Zilipata moto nusu, zikapoa nusu, sisi tunamalizia. Moto unaua kila kijidudu, tumesoma hilo darasani."

"Una hakika?"

Chapchap alikuna kichwa. Alichelewa kujibu, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa kwa lolote. "Nina hakika," alisema mwishowe. "Na ukimwambia Baba sasa hivi, ataghadhibika, Mama atasikia, sherehe itaharibika. Unataka hivyo, leo?"

Kijiko hakutaka hivyo. Alimfikiria Mama akiota soseji kwenye kitanda cha hospitali. Akafikiria jinsi alivyojigamba kwa Shangazi, "Hizo niachie mimi." Akanyoosha mkono akawasha swichi, akazungusha kitufe hadi moto wa juu kabisa. Taa ikawaka tena. Ukiitazama taa ile usingejua kama iliwahi kuzimika.

Jioni ilipokaribia, wageni walianza kuingia kwa hodi na vicheko vya chini, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kwamba ndani kuna mgonjwa. Harufu ilikuwa imejaa nyumba sasa: jamu, vitunguu saumu, pilipili. Jirani kinyozi alisimama mlangoni akavuta pumzi mpaka tumbo likainuka.

"Jamani, harufu hii imenifuata hadi dukani!" alisema. "Nimemwacha mteja na nusu kichwa!"

Watu walicheka. "Ni Kijiko huyo," Baba alisema kwa fahari, "kazipika peke yake tangu asubuhi." Kijiko alitazama vidole vya miguu yake. Kila aliyemsifu alimwongezea uzito moyoni, akatamani waache, wamtukane hata, kuliko kumsifu namna ile.

Shangazi alifika na masufuria yake, akayapanga jikoni, kisha akafunua chungu. Mchuzi ulikuwa ukitokota, mwekundu mzito, unang'aa.

"Eh, binti yangu! Wifi yangu amepata mrithi," alisema. "Ulianza lini?"

"Asubuhi, Shangazi. Kabla hatujatoka."

"Ndiyo maana zimelainika."

Jibu la Kijiko lilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli iliyokatwa nusu. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Walikuwa wawili tu jikoni, na Shangazi si mtu wa kupiga kelele. Badala yake Kijiko aligeuka akatafuta vijiti vya meno.

Shangazi alipakua bakuli dogo, akachomeka kijiti cha meno kwenye kipande cha juu. "Haya, mpelekee mama yako wewe mwenyewe. Yeye aanze, hajala cha maana tangu jana."

Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua chache tu, lakini kwa Kijiko siku ile njia haikuisha. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mito, kitambaa kichwani, ndugu wamemzunguka. Alipoliona bakuli, uso wake wote ulifunguka. Hakuna aliyeuona uso huo kwa miezi mingi.

"Ndizo hizi," Mama alisema taratibu. "Ndizo zenyewe."

Alilipokea bakuli mapajani, akakishika kile kijiti. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vikitetemeka kidogo, na kwenye mkono wake bado kulikuwa na alama nyeusi ya sindano. Akakiinua kipande hadi mdomoni.

"Mama, usile!"

Kijiko alilipokonya bakuli na kukipiga kile kijiti kikaruka. Mchuzi ulimwagika kwenye mkeka, ukamrukia Mama kwenye nguo yake mpya. Mtoto mmoja wa jirani alianza kulia kwa woga.

"Kijiko!" Baba alisimama. "Una wazimu?"

"Zilizimika, Baba," Kijiko alisema. "Nilizima swichi ya chungu tulipotoka. Zimekaa vuguvugu kutwa nzima. Tuliporudi nilijua. Nikawasha tena, nikanyamaza."

Baba alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa ya mtu aliyeona gari likimpita kwa unywele mmoja. "Maneno ya daktari unayajua?"

"Nayajua, Baba."

"Na bado ukamletea?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Kijiko hadi kidevuni. Ndipo Chapchap alipojipenyeza katikati ya watu, akasimama kando yake. "Baba, mimi ndiye niliyemwambia awashe. Yeye alikuwa anaogopa. Nilimwambia nina hakika, na sikuwa na hakika."

"Mwacheni amalize," alisema Mama. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti, lakini wote walimsikia. "Njoo hapa, mwanangu. Kwa nini umenipokonya sasa, na hukusema mapema?"

"Mapema niliogopa aibu," Kijiko alisema. "Halafu nilipouona mkono wako, niliogopa utarudishwa kule. Niliogopa utarudishwa na hutatoka tena." Hapo kilio kilimzidi, na Mama akamvuta magotini kwake, pamoja na mchuzi na yote.

Shangazi hakupoteza muda kulaumu. Aliwapeleka watoto wote wawili jikoni, akachomoa waya wa chungu, akawasimamisha mbele yake. "Sikilizeni vizuri, na wewe bwana mwenye hakika usogee karibu. Nyama ikiwa ya moto sana, vijidudu hufa. Ikiwa baridi sana, vinalala. Lakini vuguvugu! Hapo ndipo vinapostarehe na kuzaliana, na vingine vinaacha sumu. Ukichemsha baadaye utaviua vyenyewe, lakini sumu viliyoiacha inaweza kubaki palepale. Haina harufu, haina rangi, na ladha huioni."

"Kwa hiyo hata harufu nzuri ile..." alianza Chapchap.

"Harufu ni ya jamu na vitunguu saumu. Usiviulize vitunguu habari za vijidudu."

Kijiko aliomba azimwage mwenyewe. Alishika upawa akazichota kidogo kidogo, soseji alizozikata kipande kwa kipande asubuhi, akazitia kwenye mfuko, na Shangazi akamfundisha kuufunga kwa mafundo mawili, paka wa mtaani wasije wakaufungua wakaugua wao. Kinyozi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliupokea ule mfuko kwa mikono miwili na kuutoa nje kimya kimya. Kisha Kijiko aliosha chungu kwa sabuni na maji ya moto, akakisugua hata mahali palipokuwa safi.

"Sasa," Shangazi alisema, "umebakiza nini kwenye friza?"

Kilikuwapo kifurushi kimoja cha soseji. Asubuhi hakikuenea chunguni, kwa hiyo kilibaki. Jamu ilikuwa imebaki chini ya chupa, na sosi ya nyanya pia.

"Kitawatosha watu wote hawa?" aliuliza Kijiko.

"Hakitatosha. Kila mtu atapata kipande kimoja au viwili, na watashukuru. Weka sufuria kwenye gesi. Nami nimesimama hapa, sigusi kitu."

Basi Kijiko alipika upya, macho yakiwa bado mekundu. Alizichemsha soseji mpaka zikavimba, akakata moja katikati kumwonyesha Shangazi kwamba imeiva hadi ndani, akatia jamu na sosi na vitunguu saumu, akasubiri mpaka mchuzi ukachemka na kutoa mapovu pande zote. Safari hii Chapchap ndiye aliyesimama kando akiuliza, "Bado? Ngoja kidogo zaidi, ziache zichemke." Shangazi alimtazama, akatikisa kichwa, lakini aliuficha uso wake asionekane akitabasamu.

Sebuleni hakuna mgeni aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wamefuta mkeka, wamembadilishia Mama nguo, wanangoja. Kijiko alileta bakuli, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Nimezipika sasa hivi, Mama. Shangazi ameona kila kitu."

Mama alikula kipande kimoja, akakitafuna polepole, macho amefumba. Kisha akala cha pili. Baba aligeuka akatazama dirishani, akajifanya anakagua pazia.

Vipande vilipitishwa. Vilikuwa vichache kweli, na watu walivishika kwa vijiti vyao kwa heshima, mmoja mmoja, hata watoto hawakugombania. Chakula cha Shangazi kilifuata, watu wakala wakashiba, lakini mazungumzo yalikuwa ya sauti za chini, na zaidi ya mama mmoja alimkumbatia mwanawe pasipo sababu ya kuonekana.

Wageni walipoaga, Baba alivuta kiti akaketi mbele ya watoto wake. Hakuwa na hasira tena. Alionekana mchovu.

"Kuizima ile swichi halikuwa kosa la kukuadhibia," alimwambia Kijiko. "Mkono uliizima, na mkono huo niliufundisha mimi. Ningekuwa mimi ningezima pia. Lakini kuwasha tena ukanyamaza, hilo hukulifanya kwa mazoea. Hilo ulilifanya ukiwa macho. Na wewe," alimgeukia Chapchap, "usimwambie mtu una hakika kwa sababu tu unataka jambo liishe haraka."

"Tumekosa, Baba," walisema wote wawili.

Mama alikuwa ameegemea mito, amechoka, lakini alimwita Kijiko aketi karibu naye.

"Mimi ni mtu mzima, na mara ngapi nimeunguza chakula, nimekosea chumvi, nimesahau maji jikoni," alisema. "Ukikosea, sema chakula kikiwa bado chunguni. Kikiwa chunguni tunamwaga, tunaosha chungu, tunaanza tena. Leo umesema kikiwa mlangoni mwa mdomo wangu, na namshukuru Mungu hukungoja zaidi. Lakini usinifanyie tena, mwanangu. Nimepigana sana ili nirudi kwenu."

Kijiko alikilaza kichwa chake kifuani mwa Mama, mahali alipopakosa muda wote ule, akalia kama mtoto mdogo. Mama hakumwambia anyamaze.